Barua ya wazi kwa Mkuu wa Upelelezi na Mwendesha Mashtaka: Baba yetu aliuawa, jalada linasema aliporwa

Kwa Mkuu wa Upelelezi,
na kwa Mwendesha Mashtaka aliyekabidhiwa jalada hili.

Waheshimiwa,

YAH: MAUAJI YA MZEE MWENYE DUKA KUENDELEA KUSOMEKA KAMA UNYANG'ANYI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni binti wa kwanza wa marehemu. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Tatu za mwanzo nilizileta kwa mkono, nikapanga foleni kaunta, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, na nakala zote ninazo. Hakuna iliyojibiwa. Nimefika ofisini kwenu mara nyingi kiasi kwamba askari wa getini ananisalimia kama jirani. Ningependa mambo haya tuyamalize ofisini, kwa sababu yapo ya baba yangu ambayo sikutaka yasomwe na kila mtu. Lakini miezi 14 imepita tangu tumzike, na ndugu zangu wameniomba niyaweke wazi kabla hatujasahau hata namba ya jalada.

Naanza na yaliyotokea, kwa ufupi, ili anayesoma barua hii bila kuijua familia yetu aelewe ninachodai.

Baba alikuwa na miaka 76 na duka alilolifungua kabla mimi sijazaliwa. Kila jioni alifunga kwa mpangilio uleule: kwanza huzima taa ya nje, kisha huandika daftari, kisha hufunga kisanduku cha pesa, mwisho kufuli. Jioni ile taa ya nje ilikuwa imeshazimwa. Daftari lilikuwa wazi juu ya kaunta, kalamu imelala katikati ya ukurasa, na mstari wa mwisho umeandikwa nusu. Kwa hiyo najua walimkuta amefikia wapi.

Waliingia wawili. Mmoja alibaki mlangoni. Mwenzake aliruka kaunta akataka kisanduku, na baba akakishikilia. Watu wengi wameniuliza kwa nini hakukiachia. Sina jibu, ila kwamba alikuwa amekishika kisanduku kile kila siku kwa miaka mingi kuliko umri wa waliomvamia. Alipigwa nondo mara moja, juu ya sikio la kushoto, akaanguka na kugonga kichwa kwenye ukingo wa rafu. Kijana wa jirani ndiye aliyemkuta amekaa sakafuni, anajifuta damu kwa kitambaa cha kufutia kaunta na kumwambia asipige kelele, watoto wamelala.

Usiku ule alipelekwa hospitali akiwa anazungumza. Alifariki siku ya sita. Siku hiyo unyang'anyi uligeuka mauaji kila mahali isipokuwa kwenye jalada lenu.

Hoja zetu ni hizi.

HOJA YA 1: Jalada halijabadilishwa.

Jalada lilifunguliwa usiku ule kama unyang'anyi wa kutumia silaha, na usiku ule lilikuwa sahihi, kwa sababu mzee alikuwa hai. Tunalolalamikia ni kwamba mpaka leo linasomeka hivyohivyo. Kwenye ukurasa niliosomewa na mpelelezi, kifo cha baba kimeandikwa kwa sentensi moja: kwamba mlalamikaji alifariki akiendelea na matibabu. Mlalamikaji! Maana yake ni kwamba kwenye vitabu vyenu kuna mlalamikaji ambaye hajitokezi kutoa ushahidi, na mpelelezi mmoja alinitamkia kabisa kwamba kesi inakwama kwa sababu mlalamikaji hayupo.

Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwamba mzee alikuwa na presha, kwamba alikaa siku kadhaa akila na kuongea, na kwamba mtu aliyepigwa akafa hufa palepale. Naomba nilijibu hili kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipokwama.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti mnayo. Inasema damu ilivuja na kuvilia kati ya ubongo na utando wake wa nje, upande wa kushoto, chini ya jeraha. Daktari alinikalisha akanieleza kwa subira, na tangu hapo nimejisomea zaidi. Ubongo wa binadamu husinyaa kadiri anavyozeeka. Ukisinyaa, nafasi kati yake na fuvu huongezeka, na vishipa vyembamba vinavyovuka nafasi hiyo huvutika kama uzi uliokazwa. Pigo ambalo kijana angeondoka nalo na uvimbe linaweza kuvikata vishipa hivyo kwa mzee. Tena damu yake huvuja polepole, na kwa sababu nafasi ni kubwa, mgonjwa anaweza kuzungumza, kula na kutambua watu kwa saa nyingi au hata siku, mpaka damu iliyokusanyika ianze kuukandamiza ubongo. Kisha anaanza kuchanganya maneno, analala sana, na mwisho haamki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Siku ya kwanza aliuliza kama duka limefungwa. Siku ya tatu aliniuliza hilohilo mara nne ndani ya saa moja. Siku ya nne aliniita kwa jina la marehemu mama yangu. Kwa hiyo siku zile alizoongea hazithibitishi kwamba pigo lilikuwa dogo. Madaktari wanajua kwamba wazee wengi waliopigwa kichwani hufa hivyo.

Na kuhusu presha: ni kweli alikuwa nayo, na dawa alikuwa anameza. Lakini tangu lini udhaifu wa aliyepigwa ukawa kinga ya aliyempiga? Mwaka 1975, katika kesi iliyomhusu mshtakiwa aitwaye Blaue, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishikilia kwamba anayemtendea mwenzake ukatili analazimika kumchukua kama alivyomkuta. Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko kesi yenyewe, na inafundishwa kwa wanafunzi wa sheria katika nchi nyingi. Aliyemkuta mzee mwenye vishipa vya mzee na presha ya mzee akamtwanga nondo, hawezi kuja baadaye kusema angekuwa kijana asingekufa.

Wala siku sita si muda mrefu kisheria. Sheria ya kale ya Uingereza, iliyorithiwa na nchi nyingi, ilitaka kifo kitokee ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu pigo ndipo kiitwe mauaji, na Uingereza yenyewe iliifuta kanuni hiyo mwaka 1996 kwa kuwa tiba imesonga mbele na watu huishi muda mrefu na majeraha yanayokuja kuwaua.

HOJA YA 2: Baba alikaa hai siku sita na hakuna aliyekuja kuandika maelezo yake.

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi, na naomba mnivumilie.

Usiku wa kwanza, wakati muuguzi anamfunga bandeji, baba aliniambia: "Yule wa mlangoni ananijua." Nikamuuliza amejuaje. Akasema yule wa mlangoni alimwambia mwenzake, "Usimpige Baba fulani," akilitaja jina langu mimi. Waheshimiwa, mnajua namna tunavyoitana. Mpita njia angemwita mzee. Mteja wa siku moja angemwita mzee au mwenye duka. Anayemwita baba yangu kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye nimeondoka nyumbani miaka mingi iliyopita, ni mtu aliyeifahamu nyumba yetu zamani, wakati mimi ni mtoto, au aliyelelewa na mtu wa kipindi hicho. Watu hao wanahesabika.

Asubuhi yake nilikwenda kituoni nikaeleza. Nikaambiwa mpelelezi atakuja hospitali kuchukua maelezo. Siku ya pili gari halikuwa na mafuta. Nikasema nitatoa nauli, nikaambiwa taratibu haziruhusu, jambo ambalo nililiheshimu. Siku ya tatu mpelelezi alikuwa mahakamani kwenye kesi nyingine. Siku ya nne alikuja kweli, saa za jioni, akasimama miguuni mwa kitanda na daftari lake, na baba hakuweza tena kutaja hata siku ya wiki. Akaniambia, "Dada, mzee hayuko sawa, tusubiri apate nafuu." Akaondoka bila kuandika neno.

Maneno ya mtu aliyejeruhiwa akafa yana uzito mahakamani tangu zamani. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotumiwa au kuigwa katika makoloni mengi ya Kiingereza, iliyakubali maelezo ya marehemu kuhusu chanzo cha kifo chake hata kama wakati anayatoa hakuwa akitarajia kufa. Walioitunga walijua kwamba shahidi wa kwanza wa mauaji mara nyingi ni yule aliyeuawa, naye huwa na muda mfupi. Baba alikuwa na karibu siku tatu zenye akili timamu. Hospitali iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kituoni. Nimeutembea mwenyewe.

Kilichobaki sasa ni mimi na muuguzi yule, ambaye alisikia kila kitu. Mimi niliandikisha maelezo mwezi wa tatu baada ya msiba, baada ya kuomba mwenyewe. Muuguzi hajaulizwa mpaka leo.

HOJA YA 3: Kisanduku cha pesa.

Asubuhi ya siku ya pili kisanduku kilionekana nyuma ya duka, kimevunjwa kufuli, tupu. Ni cha chuma, kimepakwa rangi ya kijani inayong'aa, na mfuniko wake hauwezi kufunguliwa bila kidole gumba kuubonyeza juu. Askari aliyekuja alikiokota kwa mkono mtupu, akakigeuza huku na huku, akanikabidhi. "Chukua, mama, kisije kikapotea." Aliongea kwa upole, na naamini alidhani ananisaidia.

Miezi hii nimesoma mengi ambayo sikuwahi kufikiri nitayasoma. Nimesoma habari ya duka la rangi katika mtaa wa Deptford, London, tarehe 27 Machi 1905. Mzee aliyeliendesha, Thomas Farrow, alikutwa asubuhi ameuawa kwa kupigwa kichwani. Mkewe Ann alikutwa juu kitandani akiwa bado anapumua, akafariki tarehe 31. Walioingia walitaka mapato ya wiki. Waliacha kisanduku cha pesa kitupu, na kwenye trei yake alama ya kidole gumba yenye jasho. Mkuu wa upelelezi, Melville Macnaghten, alikizungushia karatasi akakipeleka kwenye kitengo cha alama za vidole, kilichokuwa na miaka minne tu tangu kianzishwe. Aliuliza nani amekigusa, na askari mmoja akakiri kwamba alikisogeza kwa mkono. Hawakukata tamaa: walichukua alama za askari yule, za marehemu wote wawili, wakazitenga, wakabaki na ile isiyo ya mtu wa nyumba ile. Ilifanana na kidole gumba cha kulia cha Alfred Stratton katika pointi 11. Yeye na kaka yake Albert walitiwa hatiani mwezi Mei mwaka uleule. Walinyongwa, na hilo silitaji kwa kutamani mtu yeyote anyongwe.

Nalitaja kwa sababu ya muda. Mwaka 1905 hapakuwa na kompyuta, hapakuwa na kanzidata ya alama za vidole unayoweza kuipekua kwa dakika chache, wala vinasaba. Palikuwa na karatasi ya kufungia, na mtu aliyeuliza nani amegusa. Kutoka siku ya tukio mpaka hukumu haikufika hata miezi miwili.

Kisanduku cha baba ninacho mimi. Siku ile ile nilikifunga kwa karatasi safi, si plastiki, kwa sababu nilisoma kwamba plastiki hushika unyevu, nikakiweka ndani ya boksi juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Kuna alama za askari wenu juu yake, na zangu, na za baba. Kwenye chuma laini kilichopakwa rangi na kisichoguswa, alama za vidole zinaweza kudumu muda mrefu. Nimekitaja kisanduku hiki kwenye kila barua. Hakuna aliyekiomba.

Miwani ya baba nayo tuliiokota sisi, chini ya kaunta, siku ya mazishi, kioo kimoja kimetoka. Ilikuwa imelala palepale wiki nzima, na eneo la tukio lilikuwa limeshasemwa kuwa limekaguliwa.

HOJA YA 4: Kamera ya jirani.

Mfanyabiashara wa jirani ana kamera inayotazama njia. Alisema usiku uleule. Mashine za kurekodi za aina hiyo hujaza nafasi kisha huanza kufuta za nyuma ili ziandike mpya, na aliwaeleza askari kwamba ya kwake hufuta baada ya siku chache. Walimjia baada ya wiki tatu. Hapakuwa na kitu cha kuchukua.

HOJA YA 5: Mtu aliyekutwa na simu.

Mwezi wa tano simu ya baba ilipatikana mikononi mwa mtu. Tulishukuru, na shukrani hiyo nairudia hapa, kwa sababu askari waliofuatilia simu ile walifanya kazi. Lakini mtu yule alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi peke yake, akapewa dhamana, na kesi inaahirishwa. Kwenye hati ya mashtaka hakuna neno moja kuhusu mtu aliyekufa. Hakimu anayeisikiliza hana namna ya kujua kwamba mwenye simu ameshazikwa.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kila aliyekutwa na simu ya marehemu ni muuaji. Inawezekana aliinunua bila kujua. Wala sisemi kwamba aliyesimama mlangoni ahukumiwe sawa na aliyeshika nondo bila kuulizwa alijua nini na alikusudia nini. Huko Uingereza, kanuni iliyofanya kifo chochote katikati ya uhalifu mkubwa kihesabiwe moja kwa moja kuwa mauaji ya kukusudia ilifutwa mwaka 1957, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi ya Jogee, ilisema kwamba kutabiri kuwa mwenzako anaweza kuua ni ushahidi wa kusudio, lakini peke yake si kusudio. California nayo ilipunguza makali ya kanuni kama hiyo mwaka 2018. Nimezisoma hoja zao na naziona zina haki ndani yake. Yule wa mlangoni, kwa maneno ya baba mwenyewe, alisema "usimpige". Kama ni kweli, neno hilo litamsaidia, na lina haki ya kumsaidia. Ila ili limsaidie au limfunge, lazima kwanza mtu amuulize yule aliyekutwa na simu: simu uliipata kwa nani? Je, kwa kumbukumbu zenu, swali hilo limeulizwa? Mimi nimehudhuria mahakamani kila tarehe, na sijalisikia.

HOJA YA 6: Kunyamaziwa.

Tarehe 29 Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Misingi ya Haki kwa Waathirika wa Uhalifu na Matumizi Mabaya ya Madaraka. Linasema kwamba mwathirika si yule aliyeumizwa tu, ni pamoja na familia yake ya karibu na waliomtegemea. Linasema pia kwamba waathirika waelezwe mwenendo wa kesi yao na namna ilivyoishia. Sisi tumeelezwa na wauza magazeti. Siku mshukiwa wa simu alipopewa dhamana, mdogo wangu alimwona stendi ndipo tukajua.

Najua mtakayojibu, kwa sababu nimeshajibiwa kwenye korido.

Mtasema upelelezi unaendelea. Kama unaendelea, muuguzi angeshaulizwa. Hajahama, yuko kwenye wodi ileile.

Mtasema mna kesi nyingi na askari wachache. Naliamini hilo kabisa. Nimewaona vijana wenu wakilala kwenye benchi kati ya zamu na zamu, na sikuja kuwashambulia. Lakini kubadilisha kichwa cha jalada hakuhitaji gari wala mafuta. Kupokea kisanduku ninachokileta mwenyewe hakuhitaji askari wa ziada.

Mtasema mashahidi wanaogopa. Kijana wa jirani aliyemkuta baba anaogopa kweli, na ana sababu: aliitwa aeleze alichokiona akiwa amesimama kaunta, mbele ya watu zaidi ya kumi waliokuja na shida zao. Baada ya siku mbili alikuta mtu amekaa mlangoni kwao, hasemi kitu. Naomba jina lake lisitajwe tena hadharani, na mimi hapa silitaji.

Mtasema naingilia uchunguzi kwa kuandika hadharani. Ndiyo maana sijataja jina la mshukiwa, la shahidi, la mpelelezi wala la kituo. Nimetaja yale tu ambayo ninyi mnayo tayari kwenye meza.

Na yupo mmoja wenu, simtaji, aliyeniambia kwa nia njema: "Dada, mzee alikuwa ameshakula chumvi nyingi, mwachieni Mungu." Mungu tumemwachia, na tunamwomba kila siku. Baba alikuwa na miaka 76, na miaka aliyobakiza, iwe mingi au michache, ilikuwa yake. Alikuwa amepanga kumfundisha mwanangu wa mwisho kupiga hesabu kwa kichwa likizo ile, bila kikokotoo, kama alivyonifundisha mimi nikiwa nimekaa juu ya gunia nyuma ya kaunta ileile. Kumuua mzee si nusu ya kuua.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba tujibiwe kwa maandishi.

Kwanza, na kuliko yote, jalada lifunguliwe upya kama la mauaji, ripoti ya uchunguzi wa maiti iwekwe mbele, na daktari aliyeifanya aitwe aandikishe maelezo. Mengine yote yanategemea hili.

Muuguzi aandikishwe maelezo yake mwezi huu, kabla kumbukumbu haijafifia zaidi. Mimi pia niandikishwe upya, kwa kina, kuhusu watu waliotuzoea nyumbani nilipokuwa mtoto. Nimeshaandika orodha yao, ina majina yasiyofika 20, na nitaikabidhi kwa mkono wa afisa mmoja tu mtakayemteua.

Kisanduku kipelekwe maabara, na askari waliokigusa watoe alama zao ili zitengwe.

Mwendesha Mashtaka, kwako naomba hili: iangalie hati ya mashtaka ya kesi ya simu kabla haijaamuliwa. Ikiisha kwa faini au kifungo kifupi, nani atamrudisha mtu yule kumuuliza kuhusu usiku ule?

Na mtuteulie mtu mmoja wa kuwasiliana naye, mwenye jina na namba ya simu, atakayetupigia hata kama ni kusema hakuna jipya.

Tutasubiri siku 30. Tusipojibiwa, tutapeleka malalamiko yetu kwenye chombo kinachosimamia mwenendo wa askari, tukiambatanisha nakala za barua zote nne.

Duka bado limefungwa. Daftari la baba tumeliacha kaunta kama lilivyokuwa, mstari wa mwisho haujakamilishwa, na ufunguo ninao mimi. Afisa mtakayemtuma akitaka kuona mahali alipoangukia, nitamfungulia saa yoyote, mchana au usiku. Kisanduku nitakileta mwenyewe siku mtakayoniita, kikiwa ndani ya karatasi yake.

Wenu katika kutafuta haki,

Binti wa kwanza wa marehemu,
kwa niaba ya familia.

Nakala: Ofisi ya malalamiko dhidi ya askari, Mwakilishi wetu bungeni, Jalada la familia.